Sanduku ya Mwende na moto wake

Jumapili. Jua kali tangu asubuhi, hapa kwetu Ndithini ni vumbi tupu. Sikuenda kanisa. Mgongo unauma, wiki nzima nimekuwa nikipakia mchanga kwa lori.

Msichana wangu Mwende alikuja jana kutoka Nairobi. Namwita mwaitu, yaani mama, kwa sababu ako na jina ya mama yangu. Yeye alisoma kompyuta. Mimi niliacha shule mapema, hizo vitu sijui.

Amepata kazi. Kuna watu wanataka kujua kama kompyuta kubwa ya kufikiria, ya kujaza nyumba nzima, inaweza kufinywa ikae kwa sanduku ya kubebwa na gari ya jeshi. Kesho anawaambia kama anaingia ama hapana. Alikuja kutafuta baraka.

Nikamuuliza, hiyo kitu inawezekana?

"Kuifinya inawezekana, baba. Shida ni moto. Ikifikiria sana inachemka. Na inakula stima kuliko mashine ya kusaga unga."

"Huko porini stima itatoka wapi?"

"Jenereta. Na maji ya kuipoesha."

"Askari hana maji ya kunywa, na sanduku inakunywa."

Akacheka. "Hainywi, mzee. Maji inazunguka tu ndani."

Halafu akaniambia ingine, hapo hakucheka. Siku hizi adui anaona joto akiwa huko angani. Sanduku ikichemka, anajua watu wamelala wapi.

Muli, kakake, ni askari. Yuko mpakani.

Mwende anasema hiyo sanduku ndio itaona adui kwanza, Muli arudi nyumbani. Anasema akikataa yeye, mwingine ataitengeneza, na ataitengeneza vibaya.

Sijui.

Kwetu baraka ni mate ya mzazi. Muli akienda jeshi, mama yao alimtemea kwa mikono, akajipaka kifuani. Hiyo ilikuwa kazi ya mama. Sasa tulishamzika, na mimi sijawahi kutemea mtu.

Leo mchana Mwende alinyoosha mikono hapo mlangoni, begi iko mgongoni. Nikatema. Mdomo ulikuwa umekauka, ikatoka kidogo tu.

"Hii ni yako wewe, mwaitu," nikamwambia. "Sio ya sanduku."

"Nimesikia, baba."

Akajipaka, akapanda boda boda, akaenda.

Muli anaweza kurudi kwa sababu ya hiyo kitu. Sawa. Na huyo kijana wa upande ule mwingine, mwenye sanduku itamwona kwanza, si hata yeye kuna mtu alimtemea mikono?