Tiketi ya Mama wa Rubani

Kwako kitindamimba wangu,

Sisi hapa wazima, ni goti langu tu linalonung'unika nikipanda ngazi. Kuku wa jirani ametagia chini ya kitanda changu, sasa tunabishana mayai ni ya nani. Baba yako anasema hakimu ni kikaango.

Mkeo alinipigia simu. Anasema marubani mnapiga kura ya kuruhusu chama chenu kiitishe mgomo, kwa kuwa hampewi muda wa kupumzika, na wewe unasita kwa ajili yangu. Eti mkigoma, ile tiketi ya bure niliyopewa kama mama wa rubani haitanifikisha kwenu mjukuu akizaliwa.

Mwanangu, nisikilize. Ulipokuja juzi ulisinzia mezani, kijiko kikiwa mdomoni. Nilifunika chakula chako, moyoni nikajiuliza, huyu kesho anabeba watu wangapi? Tangu hapo kila ndege ikipita naacha ninachofanya mpaka mlio wake upotee.

Mgomo nauogopa, sikufichi. Wakikufukuza je? Lakini nakuogopea zaidi ukiwa huko juu na usingizi machoni. Piga kura ya ndiyo, mwanangu.

Mimi nitakuja kwa basi. Safari ni ndefu lakini ina mwisho. Baba yako ananitania kwamba litanikunja kama mkeka. Nimemwambia linikunje tu, mjukuu atanikunjua.

Ni mimi mama yako, nimeshaanza kufunga mizigo.