Tulivyomsindikiza Mgombea na Dawa Zake

Buzebazeba, Kigoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona na sasa unakwenda msikitini bila kushikwa mkono. Mama naye, kile kifua kimemwachia? Mimi ni mzima kabisa, nimenenepa kwa migebuka, samaki wa ziwa la huku, na mawese, kwa hiyo usidhani barua imechelewa kwa sababu ya shida.

Yako niliipata. Umeuliza mwanamke wakili anafanya nini huku mwisho wa reli, mji umejaa wakimbizi, wakati mjomba ana kiti kinaningoja ofisini kwake Tanga. Ngoja nikueleze, kisha uamue mwenyewe kama nimepotea.

Tangu watu waanze kuvuka ziwa wakikimbia vita, zahanati za watu binafsi zimezidi na ukaguzi nao umekaza. Kazi yangu ni kuwashauri wenye zahanati na maduka ya dawa wasifungiwe na wakaguzi wa afya, na wasiburuzwe na wanasiasa. Hilo la pili ndilo gumu.

Mteja wangu mmoja ni Bi. Zuhura, mkunga mstaafu, zahanati yake iko mtaani kwangu hapa. Wanajifungulia kwake wenyeji na wakimbizi, hamuulizi mtu katoka ng'ambo gani. Mwezi uliopita mgombea udiwani akamletea taarifa kwamba Jumamosi anakuja na ngoma kumkabidhi maboksi ya dawa za bure. Nilishtuka. Kuna duka lilipokea zawadi kama hiyo kutoka kwake. Wakaguzi wakakuta ni dawa za msaada wa kambini, lebo zimekwanguliwa, duka likapigwa kufuli, na mtoaji akajifanya hajui lolote.

Nikamwambia Bi. Zuhura akatae. Akanitazama kama nimemtukana.

"Wakili, mimi mtu wa Ujiji. Mgeni kaja na kitu mlangoni kwangu, nimrudishe nacho mbele za watu? Uso wangu nitauficha wapi? Na akishinda, si atanifungia yeye?"

Nikapandwa na hasira, zangu unazijua, nikaaga. Yeye naye kanuna, lakini akajifunga khanga akanisindikiza hadi barabarani, maana kwake mgeni haachwi aende peke yake. Hapo njiani ndipo akili iliponijia. Nikamwambia, "Basi usikatae, Mama. Pokea, halafu msindikize." Alicheka mpaka akashika kiuno.

Jumamosi mgombea akaja, akahutubia weee. Bi. Zuhura akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa heshima zote. Kisha akasema, "Mheshimiwa, dawa haiingii kabatini mwangu kabla Mganga Mkuu wa Wilaya hajaiona. Twende tukusindikize, umkabidhi kwa mkono wako, amjue aliyetusaidia."

"Hizo taratibu zitafuata baadaye, Mama."

"Ndiyo tunazifuata, Mheshimiwa."

Wanawake wa mtaa wakajitwika maboksi, wapiga ngoma wa mgombea mwenyewe wakatangulia, nami nikawa ubavuni kwake na joho langu la uwakili, nikimweleza kwa upole sheria inasemaje kuhusu dawa zisizo na lebo. Kufika njia panda akakumbuka ana mkutano Kidahwe. Maboksi yakarudi kwenye gari lake lililokuwa likitufuata nyuma, watu wake wakiyapakia haraka haraka, na hakuna aliyemvunjia heshima. Baada ya hapo wakaguzi walikuja kwa Bi. Zuhura, wakapekua kila kabati, wakamhuishia leseni. Jana kajifungulia hapo mama mmoja aliyevuka ziwa akiwa na khanga moja tu mwilini. Nilimshika mtoto, Baba, nikajisikia fahari ambayo siwezi kuieleza.

Nisalimie shangazi Mwanahawa, mwambie mawese yake namtafutia yaliyo mekundu hasa. Kaka Salimu, mlinzi wako wa shamba, mwambie aache kunitafutia mchumba, hata huku wapo. Mjomba mshukuru sana, kile kiti ampe mwingine.

Na mdogo wangu Rehema, ambaye umeniandikia kwamba bado analala sebuleni kwa kuwa chumba changu kinanisubiri: humu ndani ya bahasha nimeweka ufunguo. Mpe yeye.

Ni mimi binti yako, ninayekuombea afya,
Saumu