Kodi ya Mlima Wetu

Kaka,

Pokea salamu zetu. Natumaini hujambo, wifi hajambo, na watoto wanakua. Huku tunapumua, ingawa si wote kwa urahisi.

Tulikusikia redioni. Niliwatambia wenzangu kiwandani, kwenye kitengo cha kujaza mifuko ya saruji, kwamba kaka yangu wa Hazina anazungumza leo, wakaacha chakula wakasikiliza. Ukasema mikoa kama yetu inachangia kiduchu na kula sana, kwa hiyo fedha zitabaki zinakokusanywa. Ukatuita kupe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hivi umesahau, au unajisahaulisha? Mlima unapasuliwa hapa, saruji inasagwa hapa. Ila ofisi kuu ya kampuni iko ghorofani huko kwenu, kodi inalipwa huko, basi inaandikwa kuwa ni jasho la mji mkuu. Kuku wetu, mayai mnajihesabia nyinyi! Na wewe ulisomeshwa na baba kwa kupasua mawe ya mlima huuhuu. Mkataa kwao mtumwa, kaka, na wewe umekataa kwa kipaza sauti.

Baada ya maneno yako, ujenzi wa wodi mpya hapa uliishia kwenye lenta, juu ya madirisha, bila paa. Sasa humo wanalala mbuzi. Na kifua cha mama kikazidi. Daktari anasema ni vumbi la kiwanda, alilolifagia uani maisha yake yote. Mashine za kumsaidia kupumua zilikuwa ziletwe kwenye wodi hiyo. Kwa sasa ziko huko kwenu tu.

Mama naye alikusikia. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Tulipomwambia aje kwako alikataa katakata.

“Siendi kuwa kupe nyumbani kwa mwanangu,” alisema.

Kwa hiyo nilimdanganya. Nilimwambia umepiga simu mwenyewe, umelia, umeomba radhi, na chumba chake umeshakitandika. Alifurahi mpaka akasahau kukohoa. Ndipo akakubali kupanda basi, na bahasha hii nikampa akuletee mkononi. Hajui kusoma, anadhani ni salamu tupu.

Sasa amekaa mbele yako, anakutazama usoni unavyosoma. Tabasamu, kaka. Ukishindwa kwa mapenzi, tabasamu kwa aibu.

Wifi msalimie sana. Mama akipona, mrudishe kwetu.

Ni mimi mdogo wako,
Kupe wa kiwandani