Mwalimu Aliyekata kwa Mkono wa Kushoto

Dada yangu mpenzi,

Huku sote wazima, na mama anakusalimu sana. Sikukwambia mapema usije ukapata presha: mkono wangu wa kulia ulipooza mwaka jana. Nilijiunga na chuo cha ushonaji hivyo hivyo, kwa aibu.

Mwalimu wetu, mama mmoja aliyetumwa na chuo rafiki cha ng'ambo, aliniona nikihangaika na mkasi kwa mkono wa kushoto. Kesho yake naye, aliyezoea wa kulia, akaanza kukata kwa mkono wa kushoto mbele ya darasa zima, akiharibu kitambaa na kucheka.

“Tujifunze wote,” akaniambia kwa lugha yetu, aliyoijua kwa kuokoteza.

Baada ya mwezi tulikuwa tunakata vizuri sote wawili. Jumatatu iliyopita nilifungua kibanda changu cha ushonaji. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu huyo, akitaka gauni la kurudi nalo kwao.

Wako,
mdogo wako, fundi