Mkono Laini

Ndinda shoga, acha hiyo chai usome. Nimejifungia chumba cha teleksi. Ukimaliza, chana karatasi.

Unamkumbuka Lennox, tarishi wetu anayekohoa? Mwezi wa tatu alichomwa sindano ya kupima kifua kikuu, mkono haukuvimba. Ulibaki laini. Mimi ndiye niliyesema mbele ya ofisi nzima, "Huyu hana kifua, ana uvivu." Nikaamuru kiti chake kiletwe kando ya meza yangu nimchunge.

Basi Jumatatu majibu ya makohozi yake yametoka. Kifua kikuu, Ndinda! Kifua kikuu!

Nikamwambia daktari wa kampuni, "Lakini mkono ulikuwa laini!" Akasema Lennox ana minyoo tele tumboni, na minyoo huilaza kinga ya mwili ili isiishambulie. "Kinga ikishalala, hata sindano ikichomwa haishtuki. Mkono hauvimbi."

Akauliza nani hukaa karibu naye. Lennox, huku anahema, akaninyooshea kidole. "Huyu. Alitaka anione vizuri."

Nikachomwa papo hapo. Leo daktari kaja kuusoma mkono wangu. Laini, Ndinda! Laini kama wa mtoto! Nikaruka, nikawaonyesha wote.

Daktari hakucheka. Akasema kwa sauti, "Usishangilie bado. Kesho niletee choo kwenye kopo."

Kwa sauti, Ndinda! Ofisi nzima!

Nikakimbilia msalani. Niliporudi, meza zote zilikuwa zimesogezwa ukutani. Yangu imeachwa katikati peke yake, na kiti cha Lennox kando yake.