Taa ya Gari la Nesi

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Gesi ifungeni, jana mliisahau.

Ndiyo, ni mimi niliyeligonga gari la nesi, jirani yetu, asubuhi nikirudi rivasi getini. Miaka kumi na moja nafundisha udereva, nimezoea kupiga kelele "Kanyaga breki!" na mwanafunzi anakanyaga. Leo nimepiga kelele vizuri kabisa, kumbe wa kukanyaga ni mimi. Cheka, nakuruhusu.

Lakini usiniambie tena, "Hakuna aliyeona, nyamaza, utaharibu jina la shule yetu ya udereva." Mimi nimeona. Na jina hilo ni langu, wewe ulipaka rangi kibao tu.

~~Nitasubiri jioni tuongee.~~ Sisubiri. Nesi bado amelala, katoka zamu, nimemwachia ujumbe mlangoni. Sasa naenda polisi na kipande cha taa yake mkobani.

Mvua ikianza, anueni nguo.

Mwanafunzi wangu wa saa nne ndiye atakayeniendesha. Somo lake la leo ni kuegesha mbele ya kituo cha polisi, halafu aingie ndani anisikilize nikijitaja.

Mama watoto