Mama, Kadi Ilikataa Kule Chennai

Mama,

Sukuma wiki zako kule Silanga bado zinaota. Mama Atieno, jirani yako wa shamba, ndiye anazichuma siku hizi, na nikipita ananifungia kidogo bila kuniuliza kitu. Ni mmoja wa wachache ambao bado wananisalimia.

Watu wanasema niliila pesa yako ya matibabu. Mjomba Mutua, ndugu yako wa tumbo moja, alisimama mbele ya wote waliochanga akasema, "Mgonjwa haendi India na pesa mkononi halafu afe bila kupasuliwa." Nilikuwa nimekaa pale pale mbele yake, nimejifunga leso yako.

Lakini wewe ulijua. Wewe ndiye ulikataa tubebe dola. Ulikuwa umeibiwa sokoni mpaka ukachoka. Yule dada wa benki alipokuonyesha app kwenye simu, kwamba pesa ya harambee inakaa humo na kadi yake inalipa nchi yoyote, ulicheka sana. "Mwikali, sasa hata mimi natembea dunia bila pochi." Tulipofika uwanja wa ndege kule India ulikataa nilipe chai. Uligusisha kadi kwenye mashine, ikalia, ukamtazama muuzaji kama mtu aliyemshinda mchezo. Sijui kama niliwahi kukuona na furaha ile.

Kisha hospitali, kule Chennai. Walitaka walipwe kabla hawajagusa moyo wako. Nikagusisha kadi, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. App ikaandika kwamba akaunti imefungwa kwa usalama wetu, tuweke namba iliyotumwa kwa laini yako. Laini yako, Mama, ambayo haikushika mtandao kule! Nikapigia benki kwa wifi ya hospitali. Ikaongea mashine, kisha muziki, mwishowe kijana mmoja mpole: "Pole, madam, ombi lako linashughulikiwa." Nilimfokea. Ukanivuta mkono. "Mwache. Pengine ni mtandao tu."

Walikupa kitanda na oksijeni. Daktari wa upasuaji hakuitwa. Uliniuliza, "Imefunguka?" Nikasema bado. Hukuniuliza kitu kingine tena.

Mama, watu wengine huachiwa baraka. Mimi niliachiwa swali hilo.

Ilifunguka kesho yake, wewe umeshaenda. Pesa yote, haijapungua ila ile ya chai. Ikalipa mochari, ikalipa sanduku, ikalipa ndege ya kukurudisha, na kila nikigusisha, inakubali. Halafu app ikaniandikia hongera, eti nimepata pointi za msafiri.

Tulikuzika Kitui. Niliporudi hapa Kawangware nilienda ofisi ya benki. Walinipa chai na biskuti, wakasema mfumo ulifanya kazi yake. Nikawauliza, na mama yangu je? Nani alikuwa anamfanyia kazi yeye? Mmoja akanisogezea sahani ya biskuti. Baadaye wakanipigia: kuna kitu kidogo cha kunifariji, niweke tu sahihi kwamba sitalisema jambo hili popote.

Sasa sikia ya Mjomba. Alipopata habari hiyo alikuja mpaka kwangu, akakaa kwenye kiti chako, akaniita mwanangu. Eti siku zote alijua sikula kitu. Eti ni benki. "Weka sahihi, tugawane, mambo yaishe." Nilimwachia chai yake mezani nikaenda kuanua nguo. Niliporudi alikuwa ameshaondoka, na chai amemaliza.

Sikuweka sahihi. Nimepata wakili mtaa wa jirani, Satellite, msichana mdogo, ofisi yake iko juu ya duka la mitungi ya gesi. Hakunidanganya. Alisema kesi kama hii inaweza kuzeeka mahakamani, na tunaweza kushindwa. Nikamwambia aiandike.

Wewe ungesema nimwachie Mungu. Najua. Nisamehe, hilo sitakutii.

Pumzika, Mama. Mimi bado siwezi. Siwezi kukuahidi kwamba tutashinda. Nakuahidi kwamba watakaa kwenye chumba kimoja na mimi, na watasikiliza jina lako likisomwa kwa sauti, lote, mpaka mwisho.

Mwanao,
Mwikali